Baraka ya Mate

Punda wa kwanza kumwona maishani mwangu alikuwa na sikio moja. La pili, walisema, lilikwenda na fisi huko nyanda za chini, na punda mwenyewe akabaki na adabu mbaya tangu siku hiyo. Alikuwa wa mchuuzi mmoja Mswahili aliyekuja soko la Ishiara na chumvi, shuka na shanga, kisha akapanda na njia mpaka kwetu, pale ambapo nchi inauacha mtama na kuanza kuonja kahawa. Mchuuzi huyo sisi watoto tulimwita Kofia. Sikuwahi kumwona bila kofia yake, nikaamini kwamba alizaliwa nayo na kwamba mama yake alipata taabu sana.

Siku moja Kofia alimfunga punda kwenye mti uliokuwa na mzinga wa Guka. Guka ni babu yangu, mzaa baba. Mizinga yake ilikuwa ya magogo, imetundikwa kwenye kulabu za miti, na huo ulikuwa umetundikwa chini kidogo kuliko mingine kwa sababu goti lake moja lilikuwa limeanza kukataa kupanda. Punda akajikuna, kamba ikanasa kulabu, mzinga ukaanguka. Sitasema mengi juu ya yale yaliyofuata. Kofia alikimbia, na kofia ikabaki, ndipo nikaona kwamba ana upara kama watu wengine. Punda alijitupa mtoni. Mimi nilisimama palepale nikishangaa ule upara, na nyuki wakanimaliza.

Macho yalifungika. Nilichokijua baada ya hapo ni harufu tu. Guka alitafuna tumbaku, akaitema kwenye kiganja, akanipaka usoni na shingoni na nyuma ya masikio. Mate yalikuwa ya uvuguvugu kwanza, halafu yakapoa, na maumivu yakawa yanaondoka mahali pamoja baada ya pengine kama wageni wanaoaga. Harufu hiyo ya tumbaku na moshi wa mzinga na asali iliyomwagika, hata leo nikiipata mahali husimama. Mwezi uliopita niliipata kwa mzee mmoja kwenye foleni ya hospitali, nikaacha zamu yangu ipite.

“Nyuki wamekusalimia,” Guka aliniambia. “Sasa wewe ni mtu wa hapa.”

Basi ndivyo nilivyojua mate kabla sijajua kitu kingine. Ninyi wa rika langu mnakumbuka, ila wajukuu wetu wakisikia hukunja pua. Kwetu mtu hakubarikiwa kwa maneno matupu. Mtoto akizaliwa, mtu akisafiri, msichana akiolewa, mzazi au mzee alimwita, na yule wa kubarikiwa akapiga magoti na kufungua nguo hapa kifuani. Mzee akanywa funda la pombe ya asali, akalishika mdomoni kidogo, akampulizia kifuani, puu, na maneno yakafuata. Kama pombe hakuna, mate peke yake yalitosha. Tuliita kirathimo. Ukiondoka unahisi ubaridi ule kifuani hadi unafika mbali, na unajua kuna mtu amekusindikiza.

Kwa hiyo nilipopelekwa kanisani mara ya kwanza, katika nyumba ya udongo iliyokuwa pia shule, nilipata mshangao. Mwalimu Yoshua aliinua mkono juu yetu mwisho wa sala, akasema tubarikiwe. Mimi nilikuwa nimeshafungua kifungo. Nilikuwa na gauni la kitambaa cha marekani lenye kifungo kimoja mbele, cheupe, mama alikitoa kwenye shati kuukuu la baba. Nikangoja. Hakuna kilichotoka mdomoni mwa mwalimu. Nilimuuliza mama njiani mbona mwalimu hatemi mate.

“Baraka yao ni ya Wazungu,” mama akasema. “Inatoka mbali sana. Labda hukauka njiani.”

Akacheka peke yake hadi akasimama. Mama yangu alikuwa mtu wa kucheka siku hizo.

Sasa niwaambie kwa nini nimeanza haya, maana nisipojifunga nitarudi kwa punda. Nina mjukuu, jina lake Igoki. Anafundisha Kiingereza sekondari, amepanga nyumba pale mtaa wa Dallas mjini Embu. Alhamisi anapanda ndege kwenda ng’ambo kukisoma hicho Kiingereza mpaka mwisho wake. Jumapili alikuja kuniaga. Akamimina chai, akaniambia, “Cucu,” yaani bibi, “unanibariki, sivyo? Lakini ile ya zamani. Ya mate. Sitaki ya kuinua mkono.”

Nikainamia kikombe changu. Yeye akadhani naona aibu, akaendelea kuongea ili kunisaidia. Akasema kuna jambo amelisoma ambalo lingenifurahisha. Lile neno la Kiingereza la kubariki, blesi, ndivyo ulimi wangu unavyolitamka, ni neno la zamani sana, na wanaochunguza maneno wanaamini kwamba lilizaliwa na neno lao la damu.

“Damu?” nikauliza.

“Damu, Cucu. Kabla hawajawa Wakristo walikuwa wakichinja wanyama kwa miungu yao. Ile damu wanaipaka mahali pa ibada na kuwanyunyizia watu. Kupaka damu ndiko walikokuita kublesi. Halafu dini ikaingia kwao, wahubiri wakatafuta neno la kubariki, wakachukua hilohilo walilolikuta.”

“Na damu ikaenda wapi?”

“Walisahau. Baadaye likafanana na neno lao lingine la furaha, watu wakadhani ni ndugu. Leo ukimuuliza Mwingereza wa kawaida hajui.”

Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena, polepole, na akaanza kunitazama vibaya. “Cucu, ni hadithi ya maneno tu,” akasema. Nikamwambia baraka nitampa kesho, kifua kinanibana leo. Akarudi Dallas. Hiyo kesho imepita, na nyingine imepita.

Jambo ni hili. Mimi siwezi kumtemea mtoto yule mate, kwa sababu baba yangu hakunitemea mimi. Na hakunitemea kwa sababu ya damu.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari. Watu wa msitu walikuwa juu mlimani, hom-gadi, watu wetu waliopewa bunduki na Serikali, walikuwa njiani, na sisi katikati tulikuwa tukipalilia. Kila mtu mzima alikuwa anaulizwa kama amekula kiapo cha watu wa msitu. Ukikubali unapelekwa kizuizini, ukikataa unapigwa halafu unapelekwa. Mikutano ilikatazwa. Sisi watoto tulijua kwamba kiapo kina damu ya mbuzi na kwamba hufanywa gizani, na tulijua tusikitaje. Zaidi ya hapo hatukujua.

Baba yangu alikuwa amerudi kutoka mashamba ya Wazungu, alikofukuzwa pamoja na wenzake wote. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kunong’ona hata akiomba chumvi. Mimi nina jina la mama yake, Marigu, na kwa sababu hiyo hakuwa ameniita kwa jina hata siku moja. Aliniita Mama. “Mama, umekula?” “Mama, njoo unitoe mwiba.” Mnaijua desturi hiyo. Lakini wengine waliisema kama desturi tu, yeye aliisema kama mtu aliyempata mama yake tena akiwa na meno ya mbele yaliyong’oka.

Nyumbani palikuwa na huzuni. Watoto wawili walionifuata walikufa kabla ya kuota meno, mmoja baada ya mwingine. Guka alikaa na jambo hilo muda mrefu, akasema nyumba ya mwanawe inahitaji kubarikiwa upya, na si kwa mate tu. Akatafuta mbuzi mweupe asiye na doa.

Mama aliogopa. Nilimsikia. “Baba, na hawa hom-gadi?”

“Kiapo hufanywa gizani,” Guka akamjibu. “Hii nitaifanya jua likitazama. Ambacho jua limekiona si siri.”

Naye alifanya hivyo. Ilikuwa asubuhi, jua limefika kwenye paa la ghala. Mbuzi hakukatwa shingo, alibanwa pumzi kama inavyotakiwa, kisha Guka akapasua kifua na kuchota damu kwa kibuyu kidogo. Akachanganya na pombe ya asali. Akampaka baba kwenye paji la uso, kooni, kifuani, na kitovuni. Akampaka mama. Akanipaka mimi, na mkono wake ulikuwa na ile harufu ya tumbaku. Akakata ngozi vipande vyembamba, akatuvisha kila mmoja mkono wa kulia. Mwisho akanywa funda, akatupulizia vifuani. Baba alikuwa na machozi. Nilikuwa sijawahi kumwona mtu mzima aliyepigwa na furaha kiasi kile, nikasema moyoni kwamba sasa sisi ndio watu waliobarikiwa kuliko wote upande huu wa mto.

Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Nimelifikiria hili miaka yote. Wangeniambia ningenyamaza, nilikuwa mtoto msikivu. Lakini Guka aliamini jua, na mimi nilimwamini Guka.

Jumatatu shuleni. Mlangoni alikuwa amekaa hom-gadi, maana shule zilikuwa zinalindwa, au zinatazamwa, sijui. Jina lake Nthiga, kijana wa ng’ambo ya mto. Alikuwa amekula kwetu mara nyingi, na Guka ndiye aliyemfundisha kutundika mzinga. Mwalimu Yoshua alikuwa na desturi yake ya Jumatatu, kuuliza ni nani atakayesimulia jinsi Mungu alivyoibariki nyumba yao. Mmoja akasema mbuzi wao amezaa pacha. Mwingine akasema wamepata sufuria. Watoto wakapiga makofi. Mimi nikaona hawa wote wanabahatisha.

Nikasimama. Nikasema kwetu tumebarikiwa kweli, kwa damu, na nikaonyesha ngozi mkononi.

Mwalimu Yoshua alikuwa anaandika ubaoni. Aliacha chaki palepale kwenye ubao bila kuiondoa. “Keti,” akasema. “Keti, mtoto. Tufungue hesabu.”

Ningekuwa nimeketi, mambo yangekuwa mengine. Lakini Nthiga alikuwa ameshanitabasamia.

“Hebu rudia, mke wangu,” akasema. Wanaume wa kwetu huwatania watoto wa kike hivyo. “Damu wapi na wapi?”

“Hapa. Na hapa. Na hapa. Na kitovuni, lakini siwezi kukuonyesha.”

Watoto wakacheka. Nthiga naye akacheka.

“Na baba yako pia?”

“Baba ndiye wa kwanza.”

“Na nani mwingine alikuwepo?”

“Wewe tu ndiye hukuwepo,” nikamwambia.

Darasa likalipuka. Nilikuwa sijawahi kuchekesha darasa zima. Nthiga akatoa mfukoni kipande cha sukari guru, akakiuma nusu, akanipa nusu iliyobaki. Nakumbuka alama za meno yake. Nilikilamba njia nzima kurudi nyumbani na nikambakizia baba kidogo, akala.

Kesho yake asubuhi walikuja.

Tulikusanywa kwenye uwanja wa shule, kijiji kizima, tukachutama. Kulikuwa na lori. Kulikuwa na DO, yaani mkuu wa tarafa, Mzungu kijana, uso mwekundu unaobambuka kwa jua, na kando yake mkalimani mwenye soksi ndefu. Baba na Guka walikuwa wamesimamishwa mbele. Mimi nikaitwa. Mkalimani akaniambia nionyeshe yule aliyepakwa damu. Nikaonyesha.

Guka akaomba kusema. “Mwambie Bwana, mwanangu hajala kiapo. Mimi nilimbariki. Ni baraka.”

Mkalimani akasema Kiingereza. Katika yale maneno, mimi nililishika moja, kwa sababu Mzungu alilirudia kwa kushangaa, na mkalimani akalirudia tena, na likaenda na kurudi baina yao kama mpira. Blesi. Blesi. Kisha Mzungu akasema maneno marefu, kwa upole. Nasema kweli, hakuwa mkali.

“Anasema hapana,” mkalimani akatuambia. “Anasema hilo ni neno safi, neno la Mungu, msilichafue. Anasema baraka haina damu. Damu ni mambo ya giza, na yeye ameletwa hapa kuyaondoa.”

Guka akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri hata kama mtu mwenye bunduki anamngoja.

“Muulize,” akasema, “babu wa babu yake yeye alibarikiwa kwa nini?”

Mkalimani akatazama soksi zake. “Mzee,” akasema kwa sauti ya chini, kwa lugha yetu, “hilo siwezi kulibeba.”

Na hakulibeba. Swali la Guka lilibaki palepale uwanjani. Lilikaa zaidi ya miaka sitini, mpaka Jumapili hii iliyopita, mjukuu wangu akimimina chai, akalijibu bila kujua limeulizwa. Kwa damu, Guka. Babu wa babu zake walipakwa damu kama sisi, na wakaliita kwa neno lilelile. Yule kijana mwekundu alikuwa nalo mdomoni, analitamka, na hakujua anachokitamka. Nimejaribu kufurahi kwamba Guka alishinda ile kesi. Sipati furaha yoyote. Imefika hukumu na watu wote wamekufa.

Lakini sijamaliza siku ile. Kilichobaki ndicho kibaya zaidi.

Mzungu aliinama mbele yangu. Akaweka mkono kichwani kwangu na kusema jambo fupi, na neno lile lilikuwemo. Mkalimani akatafsiri: “Anasema wewe ni mtoto mkweli. Anasema Mungu akubariki.”

Mimi nikapiga magoti. Nikafungua kifungo, nikatandaza gauni, nikamwinulia yule Mzungu kifua changu anitemee mate.

Hom-gadi walicheka hadi mmoja akashikilia lori. Mzungu aliduwaa, akamtazama mkalimani, na mkalimani akatikisa kichwa kwamba si kitu. Mimi nilibaki nimefungua, nikingoja. Nikageuza macho nimwone baba, maana ndivyo mtoto hufanya akiwa amefanya vizuri. Alikuwa ananitazama. Sikuwa nimewahi kuona uso ule na sikuuelewa. Niliuelewa baadaye, kidogo kidogo, nikiwa nachota maji, nikiwa nazaa.

Wakampandisha kwenye lori. Guka alikimbia na lile goti lake ambalo halikutaka, apate kumwekea mwanawe mate kwa ajili ya safari. Lori likawa limeshaondoka. Akatema kuelekea lilikoenda. Hom-gadi mmoja akadhani anatukana Serikali, akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Hakuwa Nthiga. Nthiga alikuwa amegeukia upande mwingine, anachunguza ukucha wake.

Shule niliiacha siku ile. Hakuna aliyenikataza kwenda, ila watoto walikuwa wakiniona wanasema, “Marigu, fungua kifua, DO anakuja.” Walisema kwa miezi, halafu kwa miaka. Hata kisomo hiki kidogo nilicho nacho nilikipata uzeeni kwa wajukuu, mezani, kwa penseli zao fupi.

Tukahamishwa. Nyumba zetu zikachomwa, tukapelekwa kwenye kijiji kimoja cha kubanana chenye handaki na miti iliyochongwa, na mlango mmoja wenye daraja la mbao. Mizinga ikabaki nje huko, hakuna aliyeruhusiwa kuiendea. Guka hakupona mdomo. Alikula uji tu, na mate yakawa yanamtoka yenyewe bila kusimama, yanamwagika kwenye blanketi bila kumbariki mtu yeyote. Alikufa mvua za pili. Aliwahi kuniita nikae karibu naye, akataka kusema jambo, nikaona ni jina la baba. Hakunilaumu. Mama hakunilaumu. “Ulikuwa mtoto,” alisema, kila mara kwa maneno hayohayo na sauti hiyohiyo. Lakini aliacha kucheka, na mimi nilijua kilikokwenda kicheko chake.

Siku moja tu alisema zaidi. Tulikuwa tunachimba handaki, zamu ya wanawake, akaniambia bila kuacha jembe: “Baba yako akirudi, utapiga magoti. Akikutemea mate jambo limekwisha. Hakuna mwingine wa kulimaliza. Mimi siwezi.”

Basi hilo ndilo nililoishi nalo. Wenzangu walikuwa wanangoja uhuru, wanangoja ardhi. Mimi nilingoja mate.

Sijui ilikuwa mvua ya ngapi aliporudi. Nilikuwa nimempita mama kwa urefu. Alikuja kwa miguu, na blanketi na mkebe, amekonda, nywele zimekuwa nyeupe upande mmoja tu. Watu walimpa mkono, akapokea kila mkono. Aliuliza baba yake alizikwa wapi, akaonyeshwa, akaenda, akarudi. Baada ya hapo hakunong’ona tena. Hakusema kabisa. Siku nane alikaa mbele ya nyumba kwenye kigogo, magoti pamoja, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja kuhesabiwa. Hom-gadi akipita, baba anasimama wima. Mimi nikimletea uji anapokea kwa mikono miwili na kutazama uji. Hakuniita Mama. Hakuniita kitu chochote.

Wakati huo amri zilikuwa zimelegea. Siku ya sita mama alitoka kwenda kwenye boma letu la zamani, akaukuta mzinga mmoja wa Guka bado unaning’inia, nyuki wamo. Hakuwahi kupanda mti tangu utoto wake. Alipanda. Alirudi amevimba mikono yote na nusu bakuli ya asali. Akaitengeneza pombe ya haraka, changa bado, kibuyu kimoja. Alipomaliza akanikabidhi.

“Nenda,” akasema. “Mimi nitakaa humu ndani.”

Ilikuwa asubuhi, jua limefika kwenye paa. Nilimpa baba kibuyu kwa mikono miwili, nikapiga magoti mbele ya kigogo. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi. Nilisema haya tu: “Baba, nilidhani ni jambo la kujivunia.”

Akanusa kibuyu. Nikaona pua yake inaitambua asali ya baba yake. Akanywa funda moja, akalishika. Mashavu yake yalijaa. Yale mashavu yaliyokonda yalijaa na kukaza, na macho yake yakanijia usoni kwa mara ya kwanza tangu arudi. Nikafungua kifungo. Nikatandaza gauni kwa mikono miwili, nikafumba macho, nikainua kifua. Harufu ile ikanifikia, asali na moshi.

Nilingoja. Jua lilikuwa na moto hapa kifuani.

Kisha nikasikia koo lake. Alimeza.

Nilifumbua macho. Alikuwa ameweka kibuyu chini, polepole, mahali pasipo na mteremko ili kisimwagike.

“Marigu,” akaniambia, “funga gauni.”

Akainuka. Blanketi hakulichukua, wala mkebe. Alipita kati ya nyumba, bila haraka, akawapisha wanawake waliokuwa na kuni, akavuka daraja la mbao juu ya handaki, akashika njia inayoteremka Ishiara. Mgongo wake ulionekana muda mrefu, kwa sababu ile njia imenyooka. Hakurudi.